Nimeuziwa "laivu" ya Hawkwind, kumbe imerekodiwa na mtu aliyekaa kwa watazamaji

Wakuu, heshima kwenu. Naandika hasira bado haijaisha, mnivumilie.

Tunaopenda roki ya anga (space rock) hapa Bongo ni wachache na tunajuana. Santuri zake hazipatikani Kariakoo. Unaagiza nje, kisha unasubiri mtu wako anayerudi nyumbani akubebee. Miezi mitatu nilikuwa nikimfuatilia muuzaji mmoja wa mtandaoni huko Uingereza, mpaka akaweka albamu ya Bring Me the Head of Yuri Gagarin, shoo ya Hawkwind, bendi ya roki hiyo ya Uingereza, pale ukumbi wa Empire Pool, Wembley, London, Mei 27, 1973. Tangazo lilisema ni laivu, kikosi kile cha enzi zao, na kwamba santuri haina mikwaruzo. Basi. Nikalipa pauni 30 siku hiyohiyo. Shemeji akaja nayo kwenye begi, kaizungushia kanga mbili isivunjike.

Usiku nikaweka sindano. Jamani! Muziki ulitoka kama sherehe ya mtaa wa pili inayosikika kupitia ukuta. Besi ya Lemmy, ambayo ndiyo injini ya kundi lile, imekuwa ngurumo tu. Robert Calvert, mshairi wao, anaongea na maneno hayashikiki. Nikajua mashine yangu imeharibika. Nikasafisha sindano kwa brashi, nikachomoa nyaya za spika na kuzirudisha moja moja, nikapima upya uzito wa mkono wa sindano. Saa sita usiku niko chini sakafuni na tochi mdomoni. Mwisho nikaweka Space Ritual, laivu yao nyingine niliyo nayo miaka yote. Ikalia safi kabisa.

Hapo ndipo nikaenda kutafuta habari zake, na nikaelewa. Space Ritual ilirekodiwa Desemba 1972, Liverpool na London, na mafundi wa sauti waliokuja na mitambo yao kwa kazi hiyo, kila chombo na njia yake. Ilitoka Mei 1973 na kufika nafasi ya 9 kwenye chati za Uingereza. Shoo ya Wembley ilifuata wiki mbili na kitu baadaye, lakini rekodi yake ni ya mtu aliyekuwa ukumbini na kinasa sauti chake. Ikaja kutolewa kama albamu mwaka 1985, miaka 12 imepita.

Anayejua kurekodi anajua tofauti yake. Maikrofoni ya mtu aliyekaa kwenye kiti inasikia ukumbi kwanza, bendi baadaye. Na Empire Pool si baa. Ni jengo la zege lililojengwa 1934 kwa ajili ya mashindano ya kuogelea, sauti inagonga kule juu na kukurudia. Makofi ya jirani yako yanaizidi saksafoni ya Nik Turner iliyo mbali jukwaani. Kwa bendi ya gitaa na ngoma tupu ungevumilia. Kwa Hawkwind, zile sauti za sintesaiza ya Del Dettmar, zinazopanda na kushuka kama king'ora, ndiyo anga yenyewe. Sauti nyembamba za juu ndizo za kwanza kupotea kwenye kanda ya namna hii. Zikipotea, umebaki na nini?

Nieleweke vizuri. Simlaumu aliyerekodi. Huyo nampenda. Bila yeye usiku ule tusingekuwa nao, na kuna mahali kwenye santuri hii, kundi likishakolea, nimesikia joto ambalo studio haitoi. Marehemu mjomba wangu alikuwa akienda kwenye taarab na redio kaseti yake magotini. Akirudi anaandika kwenye karatasi ya kaseti kwa kalamu ya bluu: "Nimerekodi mwenyewe, nimekaa nyuma, feni inalia." Kila aliyeazima alijua anachoazima. Mzee yule hakuwa na duka, hakumuuzia mtu hata kaseti moja, na bado aliona ni haki ya msikilizaji kuambiwa habari ya feni.

Huyu anayekula pauni 30 za watu ameshindwa kuandika maneno matatu: imerekodiwa kwa watazamaji.

Nilimwandikia kwa adabu. Akanijibu kwamba santuri za zamani ndivyo zilivyo. Uongo! Space Ritual ni ya zamani kuliko hii kwa miaka 12 na kila kitu kinasikika. Nikamwandikia tena nikimweleza hilo, akasema mzigo ukishafunguliwa haurudi. Ningejuaje bila kuufungua? Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, halafu unalaumiwa kwa kufungua gunia.

Angeniambia ukweli huenda ningeinunua hivyohivyo, kwa pauni 10, kama kumbukumbu, na ningeisikiliza nikijua nasikiliza nini.

Leo asubuhi nimemtumia ujumbe wa tatu. Sitaki tena pesa yote, nataka abadilishe tangazo, maana ameweka kopi nyingine mbili za albamu hiihii na maelezo ni yaleyale. Mwenye shemeji wa kumbebea asubiri kwanza. Na ninyi wenye laivu za bendi hizi za anga, naomba mziandike hapa: ipi imetoka kwenye mitambo ya mafundi, ipi imenaswa kwenye viti.