Programu za kuhariri picha: mtu wa hobi analipishwa kama mwenye studio!

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kujua nani aliamua kwamba anayepiga picha kwa mapenzi tu, asiye na mteja hata mmoja, alipe bei ileile ya mwenye studio pale Mwanjelwa, Mbeya, anayepiga harusi kila Jumamosi.

Chukua mtu anayepiga picha za maua ya hifadhi ya Kitulo. Maua yanafuata mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, basi. Programu ya kuhariri RAW (picha ghafi kutoka kwenye kamera) anaihitaji miezi minne. Anafungua ukurasa wa bei anakuta "dola 10 kwa mwezi" kwa maandishi makubwa. Chini yake, kwa herufi za kutafuta na miwani, ni mkataba wa MWAKA unaolipwa kidogokidogo.

Tupige hesabu. Dola tuiweke shilingi 2,500, hiyo ni 25,000 kwa mwezi. VAT ya asilimia 18 ikiwekwa juu inafika 29,500, na kwa mwaka 354,000. Sawa, avunje mkataba maua yakiisha? Kuna mikataba inayodai nusu ya kilichobaki. Miezi minane mara 25,000 ni 200,000, nusu yake laki moja. Jumlisha laki moja aliyokwisha kulipa: laki mbili kwa miezi minne, yaani 50,000 kwa mwezi, kodi bado. Sasa hiyo dola 10 iko wapi? Na tusiambiwe ni ushamba wa watu wa Mbeya, maana huko Marekani serikali, baada ya FTC (tume inayolinda walaji) kulipeleka suala hilo, iliishtaki Adobe, wenye Photoshop na Lightroom, Juni 2024 kwa madai ya kuficha ada ya namna hiihii.

Kadi nayo ni balaa. Kadi ya mtandaoni ya kwenye simu inataka salio siku ya makato. Umeweka 25,000 kamili, dola ikapanda au VAT ikaongezwa, makato yanagoma, na baada ya siku kadhaa sehemu ya kuhariri inafungwa. Acha salio linalozidi bei kwa asilimia 25. Na kufunga kadi si kujitoa! Mkataba unabaki na deni linasoma. Jitoe kwanza ndani ya akaunti, subiri barua pepe ya uthibitisho, piga picha ya skrini, ndipo ufunge kadi.

Kabla hujajitoa, hifadhi marekebisho kwenye mafaili ya XMP (mafaili madogo yanayokaa pembeni ya picha), na picha unazozipenda zitoe kama TIFF ya biti 16, aina ya faili la picha lisilopoteza ubora. Nyota ulizozipa picha na maneno ya kutafutia kwa kawaida yanasomeka kwenye programu nyingine. Rangi na vivuli havihami sawasawa, kwa sababu kila programu ina hesabu zake za kuchakata RAW. Hapo ndipo wanapotushika: picha ni zako, lakini kazi uliyoifanya juu yake imebaki kwao.

Mtaniambia nitumie darktable, programu nyingine ya kuhariri RAW. Ni ya bure na ni nzuri, sibishi. Ila kwenye laptopu ya RAM GB 4 isiyo na kadi ya michoro, sehemu ya kuondoa chembechembe za picha (noise) inakokota mpaka unakata tamaa. Izime, uiwashe mwisho kabisa kabla ya kutoa picha.

Na wasiseme haiwezekani. JetBrains, wauzaji wa zana za watu wanaotengeneza programu za kompyuta, ukilipa mwaka mzima unabaki na toleo la mwanzo wa mwaka huo hata ukiacha kulipa. Oktoba 2024 wakaachia zana zao mbili, WebStorm na Rider, bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. REAPER ya kurekodi sauti ni dola 60 kwa matumizi binafsi, unalipa mara moja, leseni inakwenda hadi toleo kuu linalofuata. Hawa wote wanauza na hawajafilisika. Wa picha wanashindwa nini, kama si tamaa?

Anayejua programu ya RAW inayoruhusu kusimamisha malipo miezi minane bila faini, aiweke hapa. Na aweke bei baada ya kodi, si ile ya tangazo.