Mdahalo wa ndoa za jinsia moja: Kongo ingebidi ibadilishe sheria gani, na mafao ya mwenzi yanatoka wapi?

Kamalondo_Mdahalo (Lubumbashi)

Jambo bandugu. Kuna mdahalo wa wanafunzi wa sheria hapa Lubumbashi, na mada ni kama mafao ya mwenzi (matibabu, pensheni, urithi) yatolewe pia kwa wenzi wa jinsia moja, kwa ndoa au bila ndoa. Upande unapangwa kwa kura siku yenyewe, kwa hiyo nahitaji hoja za pande zote mbili pamoja na namba za vifungu. Mada hii kila ikiguswa, watu wanafika kwa padri na pasta kabla mtu yeyote hajafungua Kanuni ya Familia.

Nauliza matatu. Je, Bunge linaweza kubadilisha jambo hili kwa sheria ya kawaida? Pili, Ubelgiji na Ufaransa walikuwa tayari na mikataba ya kuishi pamoja, sasa kwa nini watu walidai ndoa? Tatu, mwenzi wa ndoa hapa kwetu anapata nini hasa, kwa hesabu?

Mwana_Himbi (Goma)

Ndugu, fungua Katiba kwanza, la sivyo dakika zako zote zitaisha bure. Wengi hukimbilia kifungu cha 330 cha Kanuni ya Familia, kinachosema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Kingekuwa hicho peke yake, wabunge wangekigusa kama walivyoigusa kanuni nzima ya 1987 kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Shida iko juu zaidi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kufunga ndoa na mtu amtakaye, halafu inaongeza maneno matatu: wa jinsia tofauti. Sheria yoyote ya Bunge itakayosema vingine itagonga hapo.

Mfano wa Afrika Kusini utaletwa tu, na ndipo wasemaji wengi wanapojikwaa. Katiba yao ya 1996, kifungu cha 9, inautaja mwelekeo wa kijinsia kati ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo. Ndiyo maana katika kesi ya Fourie, tarehe 1 Desemba 2005, majaji walikuwa na pa kushika. Walilipatia Bunge miezi 12 liruhusu ndoa za jinsia moja, na sheria mpya ikaanza kazi tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda kuisha. Kifungu chetu cha 13 kinataja dini, asili ya familia, hali ya kijamii, makazi, siasa, kabila na lugha. Mwelekeo wa kijinsia haumo. Na hata ungekuwemo, Mahakama ya Katiba haiwezi kusema kwamba Katiba inavunja Katiba. Mikataba ya kimataifa haikusaidii sana pia: kifungu cha 215 kinaiweka juu ya sheria, hakiiweki juu ya Katiba.

Inabaki njia ya kifungu cha 218. Pendekezo la kurekebisha linaweza kutoka kwa Rais, kwa Serikali baada ya kikao cha mawaziri, kwa nusu ya wajumbe wa chumba kimoja cha Bunge, au kwa raia 100 000 waliotia saini. Vyumba vyote viwili vikikubali kwamba pendekezo lina msingi, unakuja upigaji kura wa wananchi, isipokuwa vyumba vikikaa pamoja na kulipitisha kwa tatu ya tano. Orodha ya mambo yasiyoguswa iko kwenye kifungu cha 220 (muhula wa Rais, sura ya jamhuri, uhuru wa mahakama na mengine), na kifungu cha 40 hakitajwi humo. Kwa hiyo anayesema «haiwezekani kisheria, milele» amekosea, na anayedhani wabunge wanaweza kuinua mikono wiki ijayo amekosea zaidi.

Halafu usiache watu wachanganye kutoitambua ndoa na kuadhibu. Burundi inaadhibu tangu kanuni ya adhabu ya 2009. Uganda ilikaza sana mwaka 2023. Rwanda inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, lakini haina kosa la namna hiyo. Kongo haina kifungu kinachoutaja uhusiano wa hiari wa watu wazima wa jinsia moja. Kinachovutwa ni cha 176 cha Kanuni ya Adhabu, cha kuchafua maadili hadharani. Mtu akikurukia kwamba «tayari ni kosa», muombe namba tu.

Mama_Mishahara (Lubumbashi)

Nachukua swali la tatu. Mafao hayakai mahali pamoja, ila kila dirisha linadai karatasi ileile: cheti cha ndoa kutoka kwa ofisa wa hali ya kiraia wa komini. Sheria inapoandika neno «mwenzi», inamaanisha mtu aliyeandikwa kwenye karatasi hiyo.

Kazini, Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri kugharamia matibabu ya mfanyakazi, mwenzi wake na watoto wake. Kwa familia nyingi hilo ndilo fao kubwa kuliko yote, maana operesheni moja inaweza kumeza mishahara ya miezi. Kuna pia siku za ruhusa yenye malipo: 2 za ndoa yako, 2 mke akijifungua, 4 mwenzi akifariki. Posho za familia ni kitu kingine, zinamfuata mtoto, kwa hiyo usiziweke kwenye hoja ya mwenzi hata kidogo.

CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) sasa. Mchango wote ni 18% ya mshahara: mfanyakazi 5, mwajiri 13. Fungu la pensheni linachukua 10 (5 za kila upande), posho za familia 6.5, ajali na magonjwa ya kazi 1.5. Kwa mshahara wa franka 800 000 ni 144 000 kila mwezi, na 40 000 kati yake zinatoka mfukoni mwa mfanyakazi. Yeye akifa, pensheni ya waliobaki inakwenda kwa mjane na mayatima. Hapa ndipo upande wa «ndiyo» una nguvu: mtu ambaye mwenzi wake hatambuliki anakatwa 5% ileile, na hakuna atakayelipwa kwa jina lake. Upande wa «hapana» unaweza kujibu kwamba bima ya jamii si akiba ya mtu binafsi, kwamba hata kapera asiye na mtoto anakatwa sawasawa. Jibu hilo ni halali, jiandae kulikabili.

Kwenye urithi watu wanatia chumvi sana, eti mwenzi anachukua kila kitu. Soma vifungu 758 hadi 760 vya Kanuni ya Familia. Watoto wanachukua robo tatu. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: mwenzi aliyebaki, wazazi wa marehemu, ndugu zake. Makundi yote yakiwepo, kila moja ni sehemu ya 12. Mali ya dola 24 000 inagawanyika hivi: watoto 18 000, mjane 2 000, wazazi 2 000, ndugu 2 000. Kinachomwokoa mjane ni haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake; zile dola 2 000 hazimfikishi mbali.

Na hili liseme kwa sauti hata kama si mada: wengi wanaofukuzwa kwenye madirisha hayo ni mke na mume wa kawaida kabisa. Mahari imelipwa, mbuzi wameliwa, picha zipo, cheti hakuna. Ndoa ya kifamilia inatakiwa kupelekwa kwa ofisa ndani ya mwezi mmoja, kila upande na shahidi wake mmoja. Watu hawaendi. Bwana akifa, ndugu zake wanakuja na ufunguo mpya wa nyumba, mama anaambiwa ilikuwa «yaka tofanda» tu, yaani kuishi pamoja bila ndoa. Mdahalo wa mafao ambao hauwagusi hawa una upungufu, kwa maoni yangu.

Kadutu_Msimamo (Bukavu)

Mimi napinga, lakini nikubali kwanza kwamba upande wetu unapiga teke mpira usiohusika. Tamko la Vatikano la tarehe 18 Desemba 2023 lilihusu baraka za mapadri kwa wenzi wa jinsia moja. Kardinali Ambongo, kwa niaba ya maaskofu wa Afrika, alijibu tarehe 11 Januari 2024 kwamba baraka hizo hazitatolewa huku. Hayo ni ya Kanisa na yameishia Kanisani. Komini haibariki mtu, inaandika majina kwenye kitabu. Ukileta tamko lile kwenye mdahalo wa pensheni, hakimu mwenye akili atakukata alama.

Hoja yetu ya kweli ni mpangilio wa matukio. Afrika Kusini hawakuanza na ndoa. Mwaka 2002, katika kesi ya Satchwell, jaji mwanamke aliomba mwenzi wake wa kike apate mafao wanayopata wenzi wa majaji, na akashinda. Miaka mitatu baadaye ikaja Fourie. Ukishakubali kwamba uhusiano unastahili kila fao la ndoa, hubaki na sababu ya kuunyima jina la ndoa. Namibia ni funzo jingine: Mei 2023 Mahakama ya Juu ilitambua ndoa zilizofungwa nje kwa ajili ya vibali vya kuishi tu, na mwaka uliofuata sheria mpya ya ndoa ikafunga mlango huo. Kwa hiyo anayesema «tunaomba mafao tu, ndoa hatuitaki» aulizwe atasimama wapi.

Anayejali matibabu na pesa ana njia nyingine zisizogusa ndoa: bima ya maisha yenye jina la mtu umtakaye, wosia, barua ya uwakilishi.

Mwana_Himbi (Goma)

Mzee wa Kadutu, mpangilio umeueleza sawa, ila hizo njia nyingine ndizo zilizojaribiwa Ulaya, na swali la pili la ndugu yetu linajibiwa hapo.

Ufaransa ilianza na PACS, mkataba wake wa kuishi pamoja, mwaka 1999. Wenzi wa PACS hawarithiani bila wosia. Pensheni ya mjane, ambayo katika mfumo wa jumla ni 54% ya pensheni ya marehemu, haiwahusu hata waishi pamoja miaka 30. Sharti ni ndoa. Ubelgiji mkataba wa kuishi pamoja ulianza mwaka 2000, na wenyewe hautoi pensheni ya aliyebaki. Ubelgiji ikafungua ndoa mwaka 2003, Ufaransa Mei 2013. Marekani kesi iliyovunja ukuta ilikuwa ya kodi: Edith Windsor alidaiwa dola 363 053 za kodi ya urithi baada ya mwenzi wake kufa, kiasi ambacho mjane wa ndoa inayotambuliwa na serikali kuu asingedaiwa. Alishinda mwaka 2013, na miaka miwili baadaye ndoa ikaruhusiwa nchi nzima. Barua ya uwakilishi nayo hufa siku ileile aliyeitoa anapokufa, wakati unapoihitaji zaidi.

Kuna swali litakaloulizwa na mtu wa ukumbini: Mkongo na Mbelgiji wa jinsia moja wakioana Brussels? Kule ndoa ni halali. Kifungu cha 46 cha kanuni ya Ubelgiji ya 2004, inayoamua sheria ya nchi ipi itumike, kinaiweka kando sheria ya nchi inayokataza, ikiwa mmoja ni raia au mkazi wa nchi inayoruhusu. Bukavu ofisa hataiandika kitabuni. Ni ndoa inayochechemea: mjane huko, mtu baki huku. Kiwanja cha Muhumba, hapo Bukavu, kilichoandikwa kwa jina la marehemu kitakwenda kwa warithi wa kifungu cha 758.

Kamalondo_Mdahalo (Lubumbashi)

Aksanti sana wote, Mama hasa kwa hesabu. Moja tu: huyo mtu baki, akiandikiwa wosia wa mali yote, anaipata?

Mama_Mishahara (Lubumbashi)

Kama marehemu ana watoto, hapana. Robo tatu yao haiguswi na wosia, kilichozidi kinarudishwa. Kwenye zile dola 24 000, mtu baki hawezi kuvuka 6 000.

Na wengi wanazipoteza hata hizo kwa kosa la karatasi. Wosia wa nyumbani kwa kawaida huandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, uwe na tarehe na saini. Uliopigwa kwenye kompyuta ukatiwa saini chini tu hautoshi: kila ukurasa uwe na maneno ya mkono wake yanayoonyesha kwamba wosia ni wake kweli. Anayetaka uhakika zaidi aende kwa notario.