Njia za murram kutoka Kisumu hadi Koru zisizo na malori: nani anazijua?

Mpanda_Manyatta

Habari zenu wadau. Naishi Kisumu, upande wa Manyatta, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiendesha baiskeli kwenye lami tu: naenda Ahero narudi, siku nyingine napanda Maseno. Barabara ya Ahero imenishinda. Matangi ya mafuta na matatu zinakusukuma hadi ukingoni, na hivi karibuni jirani yangu aligongwa na kioo cha gari akavunjika mtulinga. Nataka kuhamia murram kabisa.

Nimepata baiskeli ya mtumba ya kufaa changarawe: usukani uliopinda, tairi za milimita 40, breki za diski za kuvutwa kwa waya. Marehemu Sule Kangangi, yule mwendesha baiskeli Mkenya wa mashindano ya changarawe, na wenzake wa timu ya Team Amani ndio walionifanya niitazame murram yetu kwa jicho jingine, lakini mimi sitafuti mashindano. Natafuta utulivu. Nafikiria siku nzima nikifuata bonde la Nyando, nianzie Kibos, nipite Miwani na Chemelil hadi Koru, na miguu ikikubali nifike Fort Ternan.

Shida ni kwamba picha za satelaiti zinaonyesha mashamba ya miwa yamekatwa vijia vya mraba mraba kila upande, na hazisemi kipi kinapitika na kipi kinaishia mtaroni. Je, kuna anayezijua njia hizi? Niende mwezi gani? Au niachane na Nyando niende bonde la Yala?

Karani_wa_Miwa

Kijana, karibu bondeni. Mimi ni mzaliwa wa Kibigori na nilikuwa karani wa miwa kabla ya kustaafu. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka shamba kwa shamba na blakimamba, ile baiskeli nyeusi nzito, niandike kipande kipi kimekomaa na kipi bado, kwa hiyo vijia hivyo navijua kwa miguu yangu. Bado naendesha, ingawa siku hizi kwa mwendo wa kuzungumza.

Tuanze na udongo, kwa sababu ndio utakaoamua kama utafika. Kutoka Kibos hadi ukipita Kibigori, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa uwanda wa Kano. Ukikauka unapasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi lako jembamba, lakini njia zilizomwagwa murram zinakuwa ngumu na zinakwenda vizuri. Ukilowa unavimba. Utaona kwanza alama za magurudumu zinang'aa. Mita chache mbele tairi linanenepa, tope linajaa kati yake na uma, majani makavu ya miwa yanachanganyika na lile tope yanalifunga kabisa, na gurudumu linakataa kuzunguka hata ukiinyanyua baiskeli juu. Hapo ni kubeba begani. Chukua kijiti kigumu cha mti mkobani mwako, utakihitaji kuchokoa. Mvua kubwa ikinyesha Ijumaa, usitoke Jumamosi. Uupe udongo huo siku mbili tatu za jua kali. Ukikaribia Muhoroni na kuanza kupanda Koru, udongo mwekundu unashika, na huo unapitika hata asubuhi baada ya mvua.

Kwa hiyo miezi yangu ni Januari na Februari. Machi hadi Mei sahau kabisa sehemu ya chini. Mwaka 2024 mafuriko ya Aprili na Mei yalituonyesha tena Nyando ni mto wa namna gani ukipanda, na kalvati zikishabebwa hazirudishwi haraka.

Sasa vijia. Kuna aina mbili na ni lazima uzitofautishe. Njia za trela ni pana, zina kalvati na mikondo miwili ya magurudumu, na zote hatimaye zinatokea barabara ya kwenda mizani, kwa maana muwa usiofika mizani hauna kazi. Fuata hizo. Nyembamba zilizopita kati ya vipande ni za kuzuia moto tu. Zinakuvuta kwa sababu ziko kimya na zina kivuli, halafu zinaishia kwenye mtaro au kwenye mashina yaliyokatwa juzi, na shina la muwa lililokatwa mshazari ni kisu. Likuingie kwenye tairi, umemaliza siku.

Miwa ikiwa mirefu huoni kitu zaidi ya kipande cha mbingu na milima ya Nandi upande wa kushoto. Milima ikibaki kushoto, unaelekea mashariki, hujapotea. Reli nayo ni mwongozo mzuri, kwa sababu stesheni zimepangana vile vile unavyotaka kwenda: Kibos, Miwani, Kibigori, Chemelil, Muhoroni, Koru, Fort Ternan. Ukivuka reli, ivuke kwa pembe mraba. Pengo la pembeni mwa chuma linatosha kabisa kulishika tairi lako.

Trekta utalisikia kabla ya kuliona. Simama, shuka, na usisimame upande wa ndani wa kona, kwa sababu trela la nyuma linakata kona zaidi ya kichwa chake. Mwache apite, mpungie mkono. Jumapili asubuhi trela ni chache.

Miwani usipite mbio. Hapo ndipo kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianza, 1922, na leo kiko kimya. Mtu aliyefanya kazi kwenye miwa maisha yake yote hawezi kupita pale bila kusimama. Ukifika Koru utaona vumbi jeupe la chokaa. Katika mawe hayo ya chokaa ndimo yalimopatikana, 1926, mabaki ya kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe ambacho wataalamu walikuja kukiita Proconsul, na kule Fort Ternan yapo mengine ya miaka milioni 14 hivi. Wanetu wanapelekwa Nairobi kuyaona mambo kama haya, na sisi tunaishi juu yake.

Kuhusu Yala: bonde lenyewe ni zuri sana, lakini upande wa Vihiga nyumba zimegusana. Utasalimia watu kutoka asubuhi hadi jioni na boda boda hazitakwisha. Bonde la Nyando lina utulivu kwa sababu ardhi kubwa imeshikwa na miwa, na watu wamekaa kwenye vituo na kando ya lami.

Nafula_Turku

Heshima kwako mzee. Maelezo yako ya udongo yamenigusa kwa sababu mimi kwetu ni Malava, lakini nasoma huku Turku, Finland, na wikendi zangu zote naendesha kwenye bonde la mto Aura. Ni mto mfupi, kama kilomita 70, unapita Lieto na kuingia baharini hapa mjini. Nao uko juu ya mfinyanzi mtupu! Zamani mahali hapa palikuwa chini ya bahari, barafu kuu ilipoyeyuka ardhi ikainuka polepole, na matope ya baharini yakawa mashamba ya ngano na shayiri. Kwa hiyo mambo ya mfinyanzi chini na changarawe juu tunashirikiana.

Huku adui ni theluji inapoyeyuka. Aprili maji yanakwama juu kwa sababu chini bado pameganda, na barabara ya changarawe inakuwa uji. Serikali inaweka vibao vya kuzuia magari mazito hadi ikauke. Natamani sana hilo lifanyike Kano wakati wa masika, kwa sababu trela moja siku ya mvua linaharibu njia ambayo wanakijiji wangeitumia mwaka mzima.

Jingine ni kwamba barabara nyingi ndogo huku ni za watu binafsi. Wenye nyumba zilizo kando yake wanaunda ushirika, wanachanga, serikali inawaongezea kidogo, na greda inapita. Hata barabara za serikali yenyewe, karibu theluthi moja bado ni changarawe. Watu hawaoni aibu kuwa na barabara isiyo na lami. Wanaona aibu ikiwa na mashimo. Na sheria inakuruhusu kupita kwa miguu au baiskeli msituni na kwenye njia za watu bila kuomba, mradi usiingie uani kwa mtu wala kukanyaga kilichopandwa. Juni jua linazama karibu saa tano usiku, kwa hiyo natoka baada ya chakula cha jioni na kufuata ile barabara ya kale ya kwenda Hämeenlinna, nasikia maporomoko ya Nautelankoski kabla ya kuyaona, na saa nzima sijakutana na gari.

Ila hakuna wa kukuuzia chai. Nakosa sana kibanda cha njiani, mandazi kwenye ndoo, na mtu wa kukuuliza unatoka wapi.

Ushauri mmoja unaofaa kote kuwili: greda ikitoka kupita, changarawe mbichi inalala tuta pembeni. Kaa kwenye mkondo wa magurudumu ya magari, na ukilazimika kuvuka lile tuta, usishike breki ya mbele.

Fundi_Section58

Niongezee ya ufundi, mimi niko Nakuru na baiskeli kama hizo zinapita mikononi mwangu kila wiki. Ndugu wa Manyatta, tairi za 40 kwa mtu wa kilo 70 zijaze psi 35 hadi 40, si zaidi. Watu wanajaza hadi tairi inakuwa jiwe, halafu wanalalamika mikono inakufa ganzi.

Tyubu beba mbili za kwako. Huko Chemelil utapata tyubu za blakimamba dukani, na kwa ukubwa zingekaa kwa kulazimisha, lakini valvu yake ni nene na tundu la rimu yako ni la valvu nyembamba. Haitapita, na usikubali mtu akutobolee rimu njiani. Viraka na gundi usisahau.

Cheni ifute kwanza, tia mafuta tone kwa tone, kisha ifute tena nje. Mafuta mengi yakikutana na vumbi la murram yanageuka kuwa msasa, na meno ya gia yanaliwa yote. Kabla ya kuteremka kutoka Koru, kaza waya wa breki. Zile za waya hazijikazi zenyewe pedi zikiisha.

Mpanda_Manyatta

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Mzee Karani, nimeamua Januari, Jumapili. Swali la mwisho: nitoke Kisumu nipande, au nipakie baiskeli kwenye matatu hadi Koru nishuke nayo? Na maji nitapata wapi?

Karani_wa_Miwa

Kwa mara ya kwanza, shuka. Sababu ni upepo. Asubuhi unatoka nchi kavu kwenda ziwani, na kuanzia mchana ziwa linaupuliza urudi bara. Ukipanda asubuhi na kurudi mchana, umepigwa usoni kote, na uwanda wa Kano hauna mahali pa kujificha ila ndani ya miwa. Ukianza Koru saa moja asubuhi, upepo uko mgongoni na unateremka kutoka mita 1,500 hivi hadi 1,130 za Kisumu. Fort Ternan iache kwa safari ya pili, ukishaijua njia.

Panda matatu Jumamosi, lala Koru au Muhoroni, na mwambie kondakta mapema una baiskeli ili aifunge juu kwa kamba, ikae upande usio na gia. Ataomba nauli ya mzigo, mpatane kabla hajaipandisha.

Maji jaza Muhoroni, halafu Chemelil. Kutoka hapo hadi Kibigori, ukikaa ndani ya mashamba, hakuna duka. Ya mtaroni usinywe, yana mbolea. Kibigori ukiingia sokoni uliza nyumba ya karani mstaafu wa miwa, utaelekezwa. Nitumie ujumbe Jumamosi jioni, nikutokee na baiskeli yangu pale kwenye kivuko cha reli, nikupitishe mwenyewe hadi Miwani. Kuna kalvati moja kati ya hapo ambayo sijaenda kuikagua tangu mvua za Novemba, na nitaipitia kabla hujafika.