Tupeane uzoefu: kukimbia taratibu kulikujengea pumzi, au ulipoteza muda tu?

Mhamiaji wa Nkuhungu
Wakuu, leo alfajiri nimemkuta kijana pale Chinangali kainama, kashika magoti, anatapika pembeni ya raba mpya nyeupe pee. Nikacheka peke yangu, maana huyo ni mimi wa 2019.

Ofisi ilituhamishia huku Dodoma kutoka Dar, kitambi kikatangulia, presha 150 kwa 95. Daktari akasema anza mazoezi mdogo mdogo. Mimi hilo la mdogo mdogo sikulisikia. Jumamosi nikaungana na wenzangu wa ofisini kuelekea Mlimwa. Kilomita ya kwanza naongoza, nataka bosi anione. Kufika kwenye mwinuko masikio yakaanza kulia nziii, mate mazito kama uji wa ulezi, vumbi kooni. Nikajifanya nafunga kamba ya raba. Nikaifunga dakika kumi nzima. Mama mmoja wa maandazi akaniuliza, "Baba, nikuitie bajaji?" Nikalipa elfu tatu kurudi nilikotoka kwa miguu yangu. Wiki nzima nashuka ngazi kinyumenyume.

Mzee jirani yangu ndiye aliyeniokoa. Alisema kimbia mwendo ambao mkeo akipiga simu unaongea naye vizuri, bila yeye kuuliza uko wapi na unafanya nini. Nikaanza dakika mbili nakimbia, mbili natembea, siku nne kwa wiki. Watoto wa shule wakanipita na mabegi mgongoni. Mwezi wa nne nikaenda dakika arobaini bila kusimama. Nyie mlianzaje?

Zabibu Chachu
Hiyo kamba ya raba nimeifunga sana, hahaha.

Chuma cha Ipagala
Mazoezi bila kuhema ni matembezi. Toa jasho, acheni kudekezana.

Mama Pacha
Ni mwinuko, Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Mtu wa Dar lazima ahemee juu juu.

Zabibu Chachu
Mama Pacha, mwinuko hauleti kitambi.

Nesi Makole
Chuma, moyo ni msuli. Ukikimbia taratibu miezi na miezi, moyo unazoea kujaa damu nyingi na kuisukuma nyingi kwa pigo moja, na mishipa midogo inaongezeka mapajani. Ndiyo maana mapigo ya mtu aliyekaa yanashuka. Mimi kabla sijatoka kitandani nilikuwa 82, sasa 64. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Halijasema utapike. Ila kifua kikibana, simama, nenda hospitali, usifunge kamba.

Chuma cha Ipagala
Kwa hiyo Simbu alichukua dhahabu ya marathoni Tokyo 2025 kwa kutembea?

Nesi Makole
Wakimbiaji wa aina ya huyo mtoto wa Singida kilomita zao nyingi za wiki wanazikimbia taratibu. Taratibu yake ndiyo spidi yako ya kufa.

Bundi wa Iyumbu
Nyie mnabishania mapigo, mimi nilikutana na fisi. Saa kumi na moja kasoro, giza, naenda taratibu kama mlivyofundishana. Mbele macho mawili yanawaka. Nikasimama, naye akasimama. Nikapiga hatua nyuma, akapiga hatua mbele. Nilifika geti la nyumbani sijui nimepita wapi, raba moja mguuni. Hiyo moja ilikuwa na mbigili kumi na saba, nilizihesabu.

Mjukuu wa Mgogo
Mgongo ulikuwa umeshuka nyuma?

Bundi wa Iyumbu
Nilikuwa napima mgongo?

Mama Pacha
Kama alikuwa peke yake na hakukukimbiza, juu yake kulikuwa na mtu.

Zabibu Chachu
Ni mbwa wa jirani. Raba ya pili atakuwa anaitafuna mpaka leo.

Chuma cha Ipagala
Angekimbia kwa spidi kila siku asingeogopa.

Mgeni Kisasa
Turudi kwenye mada jamani. Nakimbia polepole kabisa lakini saa ya mkononi inasoma mapigo 175. Naumwa?

Nesi Makole
Una miaka mingapi, na unakimbia saa ngapi?

Mgeni Kisasa
34. Saa nne asubuhi, nikishamaliza kazi za nyumbani.

Nesi Makole
Jua la Oktoba hilo! Damu inakimbilia kwenye ngozi kupoza mwili, jasho linapunguza maji, moyo unapiga zaidi kwa mwendo uleule. Toka saa kumi na mbili. Ikibaki 175 kwenye ubaridi, kapime.

Mjukuu wa Mgogo
Jioni ni bora.

Mama Pacha
Jioni upepo na vumbi, utarudi na nyusi nyekundu. Kesho saa kumi na mbili niko Nyerere Square, naenda kwa mwendo wa umbea. Nani yupo?

Bundi wa Iyumbu
Pana taa?