Samurai ya 1988 inalalia tumbo njia ya Mau Narok: shakeli ndefu, tairi kubwa au springi mpya?

Mkulima wa Njoro

Salaam kwenu nyote. Ninaomba ushauri kuhusu Suzuki Samurai ya mwaka 1988, yenye injini ya petroli ya lita 1.3 na springi za mabamba mbele na nyuma. Kila wiki mimi hutoka Njoro nikapanda Mau Narok kuangalia shamba la viazi, na nikirudi hubeba magunia mawili pamoja na mitungi ya maziwa. Mvua ya masika ikishashika, malori ya viazi huchimba mifereji miwili barabarani, na katikati hubaki tuta ambalo gari langu hulilalia kwa tumbo. Mwezi uliopita nilikwama hapo tangu saa kumi za jioni hadi usiku, mpaka majirani walipokuja na majembe wakalichimbua tuta chini ya gari.

Nimetenga shilingi 60,000. Fundi mmoja anataka kunitengenezea shakeli ndefu, yaani vile vyuma vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi, kazi ambayo ni rahisi kwa bei. Wa pili anapendekeza springi zihamishwe kutoka chini ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ziwekwe juu yake. Na muuza tairi anasema nivalishe 235/75R15 badala ya hizi 205/70R15, basi yatakuwa yamekwisha. Kila mmoja anazungumza kwa uhakika, nami sina ujuzi wa kuwapima. Gari hili lilikuwa la marehemu baba yangu, na nisingependa kuliharibu kwa haraka ya msimu mmoja.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Pole sana kwa kukwama, ndugu. Kabla hujatoa hata shilingi moja, ingia chini ya gari na tochi utazame ni kitu gani hasa kinachokwaruzwa. Kama mikwaruzo iko kwenye difu, lile bonge la gia la katikati ya ekseli, hakuna springi itakayokusaidia, kwa kuwa difu imo ndani ya ekseli na ekseli inabebwa na magurudumu. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Kama iko kwenye transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu mbele na nyuma), ekzosi au chesisi, hapo springi ndiyo dawa. Kisha egesha mahali palipo sawa, gari likiwa tupu, upime kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, utuletee vipimo vyote vinne.

Dada wa Subukia

Nami niseme juu ya tairi, kwa sababu nilishawahi kuzinunua. Tairi ya 205/70R15 ina kipenyo cha takriban sentimita 66.8, na ya 235/75R15 takriban sentimita 73.4. Tofauti ni sentimita 6.6, lakini ekseli hupanda kwa nusu yake tu, yaani sentimita 3 na kidogo. Kwa faida hiyo unaifanya gia kuwa nzito kwa karibu sehemu moja ya kumi, na injini ya lita 1.3 yenye kabureta, ambayo tayari inakosa pumzi huko juu kwenye baridi ya Mau, itakulazimisha kupanda kwa gia ya kwanza mahali ulipokuwa ukipanda kwa ya pili. Mita ya mwendo nayo itadanganya: ikionyesha 80, wewe uko karibu 88. Na usipoinua gari kwanza, tairi hizo zitasugua bodi ukikata kona.

Mkulima wa Njoro

Asanteni. Nimelala chini ya gari leo asubuhi, na nimeona mambo ambayo sikuwahi kuyaona katika miaka yote niliyoliendesha. Difu zote mbili zina matope tu, hazina mkwaruzo. Bamba la chuma linalobeba transfa linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na ekzosi imebonyea mahali pawili. Springi za nyuma hazina tena upinde: gari likiwa tupu zimenyooka, na nilipopakia magunia mawili zilipinda kuelekea upande usio wake. Mpira wa bushi moja, ile inayokaa kwenye jicho la springi, umelika mpaka bolti inagusa chuma. Vipimo ni hivi: mbele kushoto sentimita 45, mbele kulia 43; nyuma kushoto 44, nyuma kulia 41.

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Basi gari lako limejieleza lenyewe. Upande wa kulia umeshuka kwa sababu dereva amekaa hapo zaidi ya miaka thelathini, na nyuma kumeshuka kwa mzigo. Huna gari fupi, ndugu yangu. Una gari lililochoka. Ukiliwekea shakeli ndefu sasa, utakuwa umeinua uchovu huohuo juu ya vyuma virefu zaidi, na litaendelea kuinamia kulia.

Ushauri wangu ni seti kamili ya springi mpya zenye upinde wa kuinua sentimita 5, pamoja na bushi, pini za shakeli na u-bolti mpya, zile zinazofunga springi kwenye ekseli. U-bolti za zamani usizirudishe, kwa maana zimekwisha kuvutika na hazikazi tena inavyopasa. Tafuta bei Nakuru na pia Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ulinganishe. Ikiwa fedha hazitatosha seti nzima, anza na za nyuma, na za mbele zisubiri mavuno. Ila usibadilishe upande mmoja tu wa ekseli.

Kuna njia mbili nyingine ambazo utaambiwa. Ya kwanza ni kuongeza bamba moja katika kila springi. Inafaa pale ambapo springi zilizopo bado zina uhai. Kwako bamba jipya litabeba mzigo wote peke yake, na gari tupu litakuwa gumu mno. Ya pili ni kuzipasha moto springi na kuzigonga zirudi kwenye upinde. Nilifanya hivyo katika gari langu mwenyewe nikaona nimeokoa fedha, lakini chuma kilichopashwa bila kupozwa kwa utaratibu wake hupoteza ukakamavu, na baada ya miezi minne springi zilikuwa zimelala kuliko mwanzo.

Mzee wa Kapsabet

Kijana wangu, jambo la kuhamisha springi juu ya ekseli uliache. Litakupa zaidi ya sentimita 12, ni kweli, lakini linadai vikalio vipya vya springi vichomelewe kwa pembe sahihi, fimbo ya usukani ibadilishwe na mipira ya breki irefushwe, na mwishowe unabaki na gari jembamba lililo refu juu, likiwa na viazi nyuma, kwenye mteremko wenye utelezi. Shakeli ndefu nazo, ukizirefusha kwa sentimita 10 unapata 5 tu, kwa kuwa ni ncha moja ya springi inayoshuka. Zikiwekwa mbele huibadilisha pembe ya ekseli, na usukani huanza kutangatanga ukifika lami. Tena, mabadiliko yoyote uyataje kwa kampuni yako ya bima kabla hujaanza kuliendesha.

Mkulima wa Njoro

Nimeshawishika, wazee wangu. Nitanunua springi za nyuma na bushi zote mwezi huu, na za mbele baada ya kuuza viazi. Tairi nitaziacha kama zilivyo. Je, shokomzoba za sasa zitafaa?

Fundi wa Kibuye, Kisumu

Springi zikishafungwa, inua gari kwa jeki kwenye chesisi, magurudumu yaning'inie. Ikiwa shokomzoba ndiyo inayoizuia ekseli isishuke zaidi, ni fupi, nunua ndefu kidogo. Wakati huohuo shika mpira wa breki kwa mkono: ukiwa umevutika, usiondoke gereji. Bolti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa linaning'inia, la sivyo mpira utakaa umejisokota na kuchanika mapema. Ukishaenda Mau Narok mara mbili, rudia kukaza u-bolti.

Dada wa Subukia

Na taa pia zirekebishwe. Ukiinua nyuma peke yake, zitatazama chini na usiku hutaona mbali. Ukija kuinua mbele, zipimwe upya.