Mchango wa vitendo tunalipa wote, watoto wa HGL wanaambiwa kazi yao ni kukariri

Wakuu, salaam. Humu mimi ni msomaji wa kimya miaka mingi, leo nimeshindwa. Nimetoka shuleni kwa mtoto mikono inatetemeka, nimefungua duka hata kufagia sijafagia, nimekaa naandika. Nikikosea maneno mnisamehe.

Nina steshenari ndogo Mbagala. Natoa kopi, naprinti, nauza kalamu na bahasha. Naishi na binti wa marehemu kaka yangu, yuko kidato cha sita, kombi yake HGL: Historia, Jiografia na Kiingereza. Shule ni ya serikali, hapa hapa Dar. Jina silitaji, mtoto ana mtihani Mei na watu kwa visasi nawajua.

Wiki iliyopita karudi na karatasi za mtihani wa majaribio kazikunja kunja kama mtu anayeficha barua. Kwenye jiografia, swali la kusoma ramani, kaambulia alama mbili. Mtoto huyu kidato cha nne jiografia alipata A. Nikamwambia, "Hebu lete hiyo ramani niione." Akasema, "Shangazi, ramani yenyewe ndiyo hii."

Jamani. Mimi kazi yangu ni kopi, kwa hiyo kopi ya kopi naijua kwa kuitazama tu. Ile ilikuwa kopi ya kopi ya kopi, pengine ya kizazi cha sita. Mliosoma mnakumbuka ramani halisi ya 1:50,000 ilivyo: mto ni bluu, kontua (vile vistari vya kuonyesha mwinuko wa ardhi) ni kahawia, msitu ni kijani. Hapo mto, kontua na njia ya miguu vyote vimekuwa vistari vyeusi vya aina moja. Swali linamtaka aeleze mtandao wa mito. Mito ipi? Kaandika mkondo wa maji unapita juu ya mlima, kumbe kafuata kontua. Mwalimu kampigia kosa kubwa jekundu. Ningekuwa mimi ningefuata kontua vile vile.

Hilo bado si baya kuliko yote. Baya ni umbali. Kulikuwa na swali la kupima urefu wa barabara kutoka sehemu moja hadi nyingine. Binti kachukua uzi, kaulaza juu ya barabara kona kwa kona kama walivyofundishwa, kapata sentimita saba na kidogo. Kwenye 1:50,000 kila sentimita mbili ni kilomita moja, kwa hiyo kaandika kilomita tatu na nusu. Kakosa. Jibu la mwalimu ni kilomita tano.

Nikachukua rula nikapima miraba ya gridi. Kwenye ramani hizo kila mraba unatakiwa uwe na sentimita mbili kwa mbili, kwa sababu unawakilisha kilomita moja. Ile ilikuwa na sentimita moja nukta nne. Nikaanza kucheka peke yangu, kicheko cha msiba. Mtu kaichukua ramani ya ukubwa wa A3, kaibana iingie kwenye A4, kabonyeza asilimia 71. Kitufe hicho nakibonyeza kila siku, nakijua kuliko namba yangu ya NIDA. Ramani imepungua, lakini pembeni bado imeandikwa 1:50,000. Skeli imekuwa uongo. Mtoto alipima sawasawa, akapiga hesabu sawasawa, akafelishwa na mashine ya fotokopi! Na si yeye peke yake, mkondo mzima. Hakuna mtu mzima hata mmoja pale shuleni aliyejiuliza kwa nini watoto wote wamekosea kwa namba ile ile.

Nikabeba karatasi, rula na uzi, leo asubuhi nikaenda. Mwalimu wa taaluma alinipokea vizuri, kiti nikapewa. Nikamweleza taratibu kabisa, nikampimia mbele yake. Akaangalia, akakuna kidevu, akasema (namnukuu): "Mama, usijisumbue na mambo ya ramani. Hawa ni watoto wa arts, kazi yao ni kukariri. Waambie wasome sana madesa." Madesa, yaani zile notsi za kukariri.

Nikamuuliza, mwalimu, mwezi wa nane tulilipa mchango wa masomo kwa vitendo, shilingi elfu kumi na tano kila mwanafunzi. Wa HGL walilipa, risiti ninayo. Vitendo vyao viko wapi? Akanijibu ule mchango ni wa maabara, kemikali ni ghali, na "arts hawana vitendo".

Hawana vitendo! Muhtasari wa jiografia ya kidato cha tano na sita una upimaji wa ardhi ndani yake, kwa mnyororo na kwa dira. Una picha za angani, una takwimu. Hivyo kama si vitendo ni nini, nyimbo? Binti ananiambia dira shuleni iko moja na sindano yake inaelekea inakotaka yenyewe. Mnyororo wameuona umechorwa ubaoni.

Yaani mimi nauza kopi ya shilingi mia ili nimnunulie mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) asidi. Sina ugomvi na watoto wa PCB, wasome, watutibu tukizeeka. Lakini asidi yao mninunulishe mimi, halafu wangu apewe ramani iliyokufa na aambiwe akariri?

Na lile neno "hawa ni arts" lilivyotoka mdomoni mwake! Kama vile anasema "hawa ni wagonjwa". Binti yangu hakukimbia sayansi. Kemia alipata B. Alikaa mezani na fomu yake akaniambia, "Shangazi, mimi nataka sheria," akachagua. Tangu siku hiyo mtaa mzima umemgeuza habari ya kusikitisha. Bodaboda wa kona wanamtania HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ni "Hakuna Kazi, Lala", na HGL wanaitafutia maneno yake ambayo siandiki hapa. Baba mmoja wa kanisani alinishika mkono kabisa akasema pole. Pole ya nini, baba?

Najua mtakachosema, kwa hiyo niwaondolee kazi. Ajira za ualimu zikitoka wa sayansi na hisabati wanatangulizwa. Kweli. Ule ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 ni wa waliofaulu sana sayansi. Kweli, na ni jambo jema. Na najua mtasema nijitazame mimi mwenyewe, nilisoma HGL enzi zangu, leo natoa kopi Mbagala. Haya, semeni. Ila kosa la ile ramani limegunduliwa na huyo huyo wa HGL anayetoa kopi, siyo na ofisi ya taaluma.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, ndani ya jengo la TANU pale mtaa wa Lumumba. Nchi inakaribia uhuru, hela haina, na kitu cha kwanza ilichoona inakihitaji ni wanasheria. Mwalimu Nyerere mwenyewe alirudi na shahada ya sanaa kutoka Edinburgh mwaka 1952. Mkapa alisoma Kiingereza Makerere. Wote hao ni "arts, kazi yao kukariri".

Historia nayo nisiiache, maana nazitoa kopi za madesa yake kila jioni. Utangulizi, hoja sita, hitimisho. Hoja zile zile sita, mwaka hadi mwaka, hata makosa ya herufi ni yale yale, nayafahamu kama nyumba za mtaani kwangu. Kuna desa la athari za Vita ya Kwanza ya Dunia kwa Afrika ambalo nimelitoa labda mara mia tatu. Watoto wanaolikariri wanapita kwenye daladala kandokando ya sanamu ya Askari pale Posta, imesimama tangu 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa kwenye vita hiyo hiyo, na maandishi ya Kiswahili yapo pale chini. Nilimuuliza binti kama wamewahi kupelekwa. Hapana. Makumbusho ya Taifa je, mtaa wa Shaaban Robert, mwendo wa miguu kutoka hapo? Hapana. PCB walipelekwa ziara ya kiwandani, kwa basi, na soda.

Mwaka 2024 tulitangaziwa tahasusi, yaani kombi, zimeongezwa kutoka 16 hadi 65, zikaingia za lugha, muziki na dini. Nilifurahi kweli. Sasa najiuliza hizo zote zitafundishwa na nani na kwa vifaa gani, ikiwa HGL tu, ambayo ipo tangu tunazaliwa, imeshindwa kupewa ramani ya rangi.

Nimehangaika hadi nikapata shiti moja halisi, ya rangi, ya Idara ya Upimaji na Ramani. Nimeibandika ukutani dukani, juu ya mashine. Jana jioni walikuja watoto saba na nyuzi zao, wakapima mpaka saa mbili usiku, mmoja akashtuka, "Kumbe mto ni huu!" Sikuwatoza kitu.

Ila elfu kumi na tano yangu naidai. Jumatatu saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa mkuu wa shule na risiti, rula na ile kopi ya asilimia 71. Wenye watoto HGL, HKL na HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) shule za hapa Dar, hebu niambieni: na nyie mmelipishwa huo mchango wa vitendo? Shilingi ngapi, na watoto wenu wameshika nini?