Ofa ya kazi Gabon (mgodi wa manganisi, Moanda): wenye uzoefu na hiyo nchi naombeni ushauri

Fundi_Dizeli
Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa mitambo mikubwa, nipo migodini Geita, sasa kuna kampuni imenipa ofa ya mkataba wa miaka miwili Gabon, huko Moanda kwenye manganisi. Mshahara kwa karatasi unapita ninaopata sasa, ila umeandikwa kwa faranga na sijui ukishaishi kule kinabaki nini. Wife ni msusi, ana saluni yake hapa, na mpango wetu aje na mtoto (yupo la pili) afungue saluni kule. Kifaransa sina kabisa. Nikigugo naletewa mapinduzi na tembo tu. Aliyewahi kuishi kule aniambie nchi ikoje na kwenye mkataba nikomae na nini, wanataka jibu mwisho wa mwezi.

Baharia_Mstaafu
Mkuu hongera. Nimefanya kazi kwenye meli za mafuta Port-Gentil na Libreville, mji mkuu, nimekaa pia. Kwanza elewa ni nchi ya watu wachache sana, milioni 2 na ushee, yaani hawaifikii hata Dar peke yake, na karibu asilimia 88 ya ardhi ni msitu. Kwa hiyo mashamba ni machache, chakula kingi kinaingizwa, mboga na ndizi zinatoka Kameruni, kuku wa kugandishwa wanatoka mbali zaidi. Ndio maana maisha yako juu. Watu wanasikia mafuta, manganisi, mbao za okoumé wanadhani pesa inaokotwa, kumbe hiyo hela ya mafuta raia wengi wa kawaida hawaioni na inauma ukiwaangalia.

Kuhusu faranga usiogope, ni sefa (CFA) ya Afrika ya Kati na imefungwa kwenye euro, euro 1 ni kama faranga 656 siku zote. Wewe piga hesabu ya mshahara kwa euro. Ila usije na sefa za Dakar au Abidjan, hizo ni nyingine.

Mapinduzi yalikuwa tarehe 30 Agosti 2023, ndio mwisho wa familia ya Bongo iliyotawala toka 1967. Jenerali Oligui Nguema akashika, Aprili 2025 akashinda uchaguzi kwa kura nyingi mno. Mitaani pametulia, kwa hilo nisingekataa kazi.

MamaWawili
Kaka hapo kwa wifi simama kwanza!! Agosti 2025 serikali yao ilitangaza biashara ndogondogo ni za Wagabon tu, zipo za kutuma pesa, ufundi simu, biashara za mtaani na ususi mdogo umo. Msifunge saluni ya Geita kwa matumaini, aulize ubalozi wao rasmi kabla hajauza hata dryer moja. Na shule ni za Kifaransa, mtoto wa la pili ataanza kama bubu darasani, ada ya shule binafsi iandikwe kwenye mkataba au abaki na mama yake mwaka wa kwanza.

Mushi_wa_Bukavu
Jambo kaka. Mie niko mtu ya Bukavu, nilikuwaka Libreville miaka mingi. Batu ya kule beko bapole, Wafang, Wapunu, Wanzebi, hawana makelele. Lakini mugeni anaombwa karatasi kila mara, carte de séjour, ile karatasi ya ruhusa ya kuishi, tembea nayo hata unaenda kununua mukate. Taxi ya mujini unasimama unamwambia mwenye gari fasi unaenda na pesa unatoa, akikubali anapiga honi, kama hataki anaenda zake. Chakula utazoea, mihogo ya kufunga mu majani na kuku ya nyembwe, ile mchuzi ya mawese. Sembe usitegemee.

Fundi_Dizeli
Daah MamaWawili ubarikiwe, hilo la saluni hakuna aliyeniambia. Basi wife anabaki kwanza. Na Moanda kwenyewe je?

Baharia_Mstaafu
Moanda iko ndani kusini mashariki, mkoa wa Haut-Ogooué, juu kidogo kwa hiyo joto si kama la pwani. Unafika kwa treni ya Transgabonais kutoka Owendo, bandarini karibu na Libreville, ile reli ya kilometa kama 650 iliyokamilika 1986, unalala humo, na treni za madini zinapita njia hiyohiyo kwa hiyo kuchelewa ni kawaida. Kwa kazi yako nchi ina mpango, wamesema kuanzia 2029 manganisi ghafi haitoki, ichakatwe ndani, mafundi watahitajika.

Kwenye mkataba komaa na nyumba, matibabu, tiketi ya likizo kila mwaka mpaka Mwanza sio mpaka Libreville tu, na kibali cha kazi kitoke kabla hujapanda ndege. Wakikwambia ingia na viza ya kutembea kibali kitafuata, kataa. Chanjo ya homa ya manjano lazima, malaria ipo ya kutosha. Kifaransa anza wiki hii hata kwa simu, hiyo habari kwamba waliingia Jumuiya ya Madola 2022 isikudanganye, gereji nzima inaongea Kifaransa na maelekezo ya usalama ni Kifaransa.

Mushi_wa_Bukavu
Na uulize kama ile nyumba iko na tanki ya maji na jenereta. Courant, umeme, inakatikaka sana.